Mfupa wa mbele, siyo mgongo

Mmeuliza wiki hii maumivu gani ya ujauzito yalitusumbua zaidi na tuliyamudu vipi. Mwenzenu mimba ya pili mgongo haukuniuma kabisa, kilichoniuma ni kinena, yaani ule mfupa wa mbele chini kabisa ya tumbo, alafu maumivu yanashuka mapajani kwa ndani yanazunguka nyonga mpaka kwenye makalio. Yalianza mimba ina miezi sita. Usiku nikitaka kujigeuza nasikia kama vitu vinakwaruzana mle ndani, nabaki nimeshikilia ukingo wa kitanda machozi yananitoka na mkojo ndo huo umenibana, na hapo bado sijatoka kwenye chandarua.

Mi ni fundi cherehani huku Temeke na cherehani yangu ni ya kukanyaga, sasa fikiria kutwa nzima miguu iko kwenye pedeli na kila nikikanyaga mfupa unavuta. Kuvaa chupi nimesimama nikashindwa. Kupanda daladala ile ngazi ya kwanza konda anaita mama twende twende na mguu haunyanyuki. Bodaboda nilipanda mara moja tu, ile kutanua miguu nilipofika nyumbani nilishushwa kwa kubebwa.

Kliniki niliposema nikajibiwa ni kawaida ya mimba, vumilia mama. Hilo neno kawaida lilinigharimu wiki tano, maana ukishaambiwa ni kawaida unaona aibu kurudia. Mama mkwe wangu alinikanda maji ya moto kwa upendo wote, nikawa napata nafuu hiyo jioni, asubuhi yako palepale. Duka la dawa nikauziwa diklofenaki, dawa ya maumivu. Namshukuru Mungu sikumeza, niliibeba nikaenda kumuuliza dokta mwingine, akasema hizo mjamzito hanywi bila kuandikiwa, hasa ukishavuka wiki ya 20 zinaweza kuathiri figo za mtoto na kupunguza maji ya uzazi, akaniruhusu panadol kwa kipimo. Alafu akaniuliza swali ambalo hakuna aliyeniuliza, onesha kwa kidole panapouma na niambie ukifanya nini. Akapima mkojo kwanza kuona sio UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, akasema viungio vya nyonga vimelegea kwa ajili ya mimba na havitembei sawa pande zote, kwamba katika wajawazito 5 mmoja hivi yanampata, mtoto hadhuriki, na yana tiba. Akaniandikia fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi.

Kule ndo nilipopona nusu. Dada wa mazoezi alinambia jifanye umevaa sketi ya kubana mpaka magotini haina mpasuo. Mi nashona hizo sketi, nikaelewa hapohapo! Kwenye bajaji unakaa kwanza alafu unageuka magoti yote mawili kwa pamoja, kutoka hivohivo. Kitandani unakunja magoti, unayabana, unageuka mwili mzima kwa mara moja kama gogo. Mto unaweka katikati ya miguu kuanzia magotini mpaka vifundoni, mi nilikuwa naweka magotini tu. Ngazi moja moja, na nguo zote unavaa umekaa. Na khanga niliyokuwa najifunga juu ya tumbo kumbe nafunga siko, mkanda unakaa chini ya tumbo, unashika nyonga zenyewe. Akanifundisha na kubana misuli ya chini kama mtu anayezuia mkojo, unabana unaachia, mara kadhaa kwa siku.

Kazi sikuacha, nisingeweza, ila binti ninayemfundisha ndo akawa anakanyaga na mi nakata vitambaa na kupiga pindo kwa mkono nimekaa. Ndoo za maji akabeba baba watoto. Kufua nikaweka beseni juu ya meza maana kuinama na kuchuchumaa ndo kulikuwa kunaniua. Sala niliswali kwenye kiti. Kuna siku nilijisikia vizuri nikadeki nyumba nzima, usiku ule sikulala, kwahiyo siku nzuri nazo unaenda nazo taratibu.

Ila jamani, ukiona damu, au maji yanavuja, au homa, au mkojo unachoma, au maumivu yanakuja na kuachia kwa mpangilio, au mtoto kapunguza kucheza, hiyo siyo nyonga, nenda hospitali saa hiyohiyo.

Kilichokuwa kinanitisha kuliko vyote ni kujifungua, nitatanuaje miguu mimi. Dada wa mazoezi akasema nipime magoti yanaachana kiasi gani kabla hayajauma, nikiwa bado sina uchungu wa kuzaa. Nikalala chali kitandani, magoti nimekunja, nikayaachanisha taratibu mpaka pale yanapoanza kuuma, mume wangu akashika tepu yangu ya kazini akapima goti kwa goti, inchi 15. Nikaiandika kwenye karatasi nikaibana kwenye kadi ya kliniki. Siku yenyewe nikampa mkunga, akaisoma, akanilaza ubavu akasema hatuzidishi hapo mama, na kweli hakuzidisha, nikamzaa binti yangu nimelala ubavu wa kushoto mguu wa juu umeshikiliwa na nesi. Maumivu hayakuisha siku hiyo, mkanda nilivaa wiki nne zaidi, na kwenye cherehani nilirudi mtoto ana miezi mitatu, siku ya kwanza nilishona mto wa kiti tu nikainuka.