Badilisheni mwisho, msimkate mtu ulimi

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmetuuliza: filamu ikiiacha njia ya riwaya iliyoizaa, je, imeivunjia heshima riwaya hiyo? Jibu langu ni hapana, isipokuwa kwa jambo moja: filamu ikimnyamazisha aliyekuwa na la kusema. Jambo hilo limenikaa moyoni miaka mingi, kwa hiyo naomba mnivumilie nikilieleza kwa kirefu.

Frankenstein nilimjua kwa filamu kabla ya kitabu, kama watu wengi. Nasema ile ya studio ya Universal ya mwaka 1931, iliyoongozwa na James Whale, Boris Karloff akiwa kiumbe aliyeundwa na mwanasayansi Frankenstein: kichwa bapa, vyuma shingoni, kope nzito, anatembea kama aliyefungwa mawe miguuni. Hasemi neno. Ananguruma, analia, basi. Miaka ikapita, nikaipata riwaya ya Mary Shelley, iliyotoka London mwaka 1818. Nikafika pale Victor Frankenstein anapopanda kwenye barafu za milima ya Chamonix, kiumbe wake akamjia mbio juu ya barafu hiyo. Victor anamtukana. Kiumbe anamjibu, na anamjibu kwa sentensi ndefu, zilizopangika, za mtu aliyekaa akafikiri. Kisha wanaingia kibandani, kiumbe anawasha moto, anaanza kusimulia maisha yake. Katika toleo la 1831 anasimulia sura sita mfululizo, kuanzia ya 11 hadi ya 16. Nilifunga kitabu nikatulia kidogo. Kumbe muda wote ule alikuwa na la kusema.

Na jinsi alivyojifunza kunena ndiyo sehemu ninayoirudia kila mara. Amejificha katika kibanda kilichoegemea nyumba ya familia maskini, akina De Lacey, anachungulia kwenye ufa wa ukuta. Usiku anawakatia kuni na kuwaachia mlangoni, nao wanashangaa zimetoka wapi. Siku moja anafika mgeni, Safie, binti wa mfanyabiashara Mturuki na mama Mwarabu, asiyejua lugha ya wenyeji wake. Felix, kijana wa nyumba hiyo, anamfundisha, na kiumbe nyuma ya ukuta anajifunza pamoja naye, neno kwa neno, mwanafunzi wa pili ambaye mwalimu hana habari naye. Anapoona sasa anaweza, anangoja mpaka mzee wa nyumba abaki peke yake. Mzee huyo ni kipofu. Anataka kuanza na yeye kwa sababu kipofu atamjua kwa sauti tu. Na kweli mzee anamkaribisha, wanazungumza vizuri, mpaka vijana wanaporudi na Felix anamshukia kwa fimbo.

Nina kigugumizi tangu utotoni. Nikisimama dukani nikaanza kutaja sukari, mara nyingi muuzaji ananimalizia neno kabla sijalifikia, ananipa sabuni. Kuna siku nachukua hiyo sabuni na kuondoka nayo. Kichwani sentensi ipo kamili, ina vituo na mikato yake. Kinachokwama ni njia ya kutokea. Kwa hiyo nilipomkuta mtu anayekimbiwa na kila amwonaye, lakini akipewa nafasi anasema vizuri kuliko aliyemuumba, nilijua naelezwa jambo ninalolijua.

Sasa turudi kwenye filamu. Kwamba Victor ameitwa Henry, na jina la Victor akapewa rafiki yake, halinisumbui. Kwamba kitabu hakielezi uhai uliingizwaje na filamu ikatuletea radi, mitambo na cheche, hilo nalifurahia kabisa. Kinachoniumiza ni ubongo. Fritz, msaidizi mwenye kibyongo ambaye kitabuni hayumo, anatumwa kuiba ubongo chuoni. Anaushika ule mzuri, kishindo kinamshtua, chupa inamponyoka inavunjika, naye anaondoka na chupa ya pili, iliyoandikwa waziwazi kwamba ubongo wake una kasoro. Kitabuni kiumbe anaharibika kwa sababu watu wamemkataa, na anayasema hayo kwa kinywa chake. Filamu inatuambia alikuwa ameharibika tangu chupani. Naona mambo hayo mawili yanakwenda pamoja: ukishamnyamazisha mtu, itabidi utafute sababu nyingine ya matendo yake, kwa kuwa ya kwake huna tena pa kuisikia.

Mtazame na msichana. Katika riwaya, msichana anakimbia kando ya mto akicheka, anateleza, anachukuliwa na maji. Kiumbe anatoka mafichoni, anajitosa, anamvuta mpaka ukingoni na kuhangaika kumzindua. Mwanamume aliyekuwa na msichana huyo anafika, anampokonya, na kiumbe anapowafuata anampiga risasi. Ndiyo shukrani aliyopata. Katika filamu, mtoto Maria anamkaribisha kiumbe acheze naye ziwani. Wanarusha maua majini, yanaelea kama mitumbwi midogo, na kiumbe anacheka kwa furaha. Maua yanapokwisha anaitazama mikono yake mitupu, kisha anambeba mtoto na kumrusha, akidhani naye ataelea. Aliyeokoa amegeuzwa aliyezamisha. Wakaguzi wa filamu wakalikata tukio hilo pale anaponyoosha mikono kumshika mtoto, na mtazamaji akaachiwa kuwaza mabaya zaidi ya yale yaliyotokea. Sehemu iliyokatwa ilirudishwa miaka ya 1980.

Hata hivyo Karloff sitamnyima haki yake. Tazameni pale Henry anapofungua dirisha la darini. Mwanga unashuka, kiumbe ambaye hajawahi kuona mwanga anauinulia uso, kisha mikono, polepole, kama mtu anayetaka kuushika. Dirisha linafungwa. Mikono inashuka, viganja vikiwa wazi mbele ya Henry, vinaomba. Hapana neno, na kila mtu anaelewa. Mwigizaji alipewa mtu aliyekatwa ulimi, akatafuta pa kumpitishia maneno, akapata viganjani.

Mabadiliko mengine ya enzi hizo nayasamehe bila taabu. Mwaka 1927 studio ya MGM iliigeuza Anna Karenina kuwa filamu iitwayo Love, Greta Garbo na John Gilbert wakiwa wapenzi, ikatengeneza miisho miwili. Mmoja ni wa Anna kujitupa chini ya treni, kama alivyoandika Tolstoy. Katika mwingine mume anakufa na wapenzi wanakutana tena, na wenye majumba ya sinema wakaachiwa wachague. Ni biashara, naielewa. Wuthering Heights ya 1939, ya William Wyler, imeitupa nusu ya pili nzima ya kitabu, ile ya watoto. Lakini Ellen, mtumishi anayesimulia kisa kitabuni, ameachwa akae pale motoni asimulie, nami hilo linanitosha.

The Sea Beast ya mwaka 1926 ndiyo inayonirudisha kwenye shauri langu. Ni Moby-Dick ya Herman Melville, lakini Ahabu, yule nahodha anayemsaka nyangumi, amepewa mchumba, binti wa mchungaji, aliyeigizwa na Dolores Costello, na ndugu wa baba mmoja aitwaye Derek anayemwonea wivu. Derek ndiye anayemsukuma baharini, nyangumi akamnyofoa mguu. Mwishowe Ahabu, yaani John Barrymore, anamuua nyangumi, anamalizana na Derek, anarudi nyumbani kwa mchumba. Kitabuni kamba ya chusa inamnasa shingoni, meli inazama na watu wote, anabaki baharia mmoja, Ishmael, akielea juu ya jeneza. Ndiye anayetusimulia. Katika filamu Ishmael hayumo kabisa. Watu wanalalamikia mwisho ule wa furaha. Mimi namlilia Ishmael. Na nadhani mwisho huo umewezekana kwa sababu yeye hayupo: aliyeona kilichotokea ameondolewa, kwa hiyo kinaweza kutokea chochote.

Najua atatokea wa kunipinga kwa kisa cha mwaka 1823, nami sitakificha. Mwaka huo Frankenstein ilichezwa jukwaani London, miaka 108 kabla ya filamu. Kiumbe tayari alikuwa bubu, na msaidizi aitwaye Fritz tayari yupo. Kwenye orodha ya waigizaji, penye jina la kiumbe paliwekwa mstari mtupu. Filamu nayo, mwanzoni, imeweka alama ya kuuliza. Mary Shelley alikwenda kuutazama mchezo huo, na katika barua kwa rafiki yake alisema ulimfurahisha. Ule mstari usio na jina aliupenda hasa. Basi kama mwenye kitabu hakukasirika, mimi ni nani?

Nimelifikiria sana hilo. Jibu langu ni kwamba mwaka ule mchezo ulikipeleka kitabu mbele, kikachapwa tena mwaka huohuo. Filamu imekwenda mbali mno kuliko kitabu. Waliomwona Karloff ni wengi kuliko wote watakaofika sura ya 11, na wengi hata jina la aliyemuumba wamempa yeye. Kwao kiumbe huyu hajawahi kusema.

Ila mwaka 1935 James Whale mwenyewe alirudi na filamu ya pili, Bride of Frankenstein. Kiumbe anafika msituni kwenye kibanda cha mzee kipofu anayepiga fidla. Hakuna Safie, hakuna ufa ukutani, lakini ni mzee yuleyule wa kitabuni, amechelewa miaka minne. Anamlisha, anamwombea, na chozi linamtiririka kiumbe shavuni. Kisha anamfundisha maneno: mkate, divai, rafiki, zuri, baya. Karloff hakupenda kiumbe apewe maneno. Aliona nguvu yake yote ilikuwa katika ububu. Namheshimu, lakini hapo simfuati. Sikilizeni neno "rafiki" linavyomtoka mara ya kwanza, zito, limekwaruza, analisukuma kwa kifua kizima, na yule mzee amekaa anamngoja, hammalizii.