Kabla hujajiunga na klabu ya kukimbia, uliza mtu wa mwisho anarudi na nani

Nilianza kukimbia nikiwa na miaka 41, na kabla ya hapo mara ya mwisho kukimbia kwa makusudi ilikuwa siku ya michezo shuleni, kwa hiyo mtu akiniambia "mi nishachelewa" huwa namjibu haraka kwamba hapana, hujachelewa, ila kuna njia ya kuanza na kuna njia ya kujiumiza, na mimi nimezipita zote mbili. Miezi hii ya karibuni nimeulizwa sana maswali yaleyale ndo nikasema ngoja niyaandike sehemu moja.

Kilichonisukuma ni ngazi. Lifti ya kazini iliharibika wiki nzima, sisi tuko ghorofa ya nne, siku ya kwanza nafika juu nimeshika ukuta na kijana mmoja wa pale ananiuliza dada vipi unaumwa? Nikasema siumwi, nikaingia chooni nikakaa kama dakika kumi moyo unadunda mpaka nausikia masikioni. Nikaenda kupima, pressure iko sawa, sukari iko sawa, moyo hauna tatizo. Mwili haukuwa na ugonjwa, ulikuwa haujatumika tu kwa zaidi ya miaka ishirini. (Na hapa niseme kabisa, kama una historia ya moyo, unasikia maumivu ya kifua au kizunguzungu ukijitahidi kidogo, au una kisukari au pressure, kapime kwanza, ongea na daktari kabla ya raba.)

Bas nikaanza peke yangu na nikaanza vibaya. Nilitoka na kasi ileile niliyoikumbuka ya utotoni, dakika ya tatu kichomi kimenishika ubavuni, nimeinama, pumzi hamna. Kesho yake tena vilevile. Keshokutwa tena. Nikajiambia tatizo ni uvivu, nikaze tu, nikakaza kila siku kwa wiki tatu na cha ajabu pumzi kweli ikaanza kuja, nikawa nafika mbali kidogo kila siku, nikafurahi, halafu ugoko wa mguu wa kulia ukaanza kuuma. Nikaupuuza. Ikafika mahali hata kushuka kitandani asubuhi natanguliza mguu mzuri, na daktari akanisimamisha wiki nne, hakuna kukimbia, natembea tu.

Nimekuja kuelewa baadaye kilichotokea na natamani kila anayeanza ukubwani akielewe kabla hajatoka nje. Moyo na mapafu vinazoea haraka, ndani ya wiki chache tu unajisikia mtu mwingine. Mifupa na kano, zile kamba zinazoshikiza msuli kwenye mfupa, zinazoea polepole mno, tunaongelea miezi, kwa sababu kano hazipati damu nyingi kama misuli. Sasa ukikimbia, kila mguu unapotua unabeba kama mara mbili hadi tatu ya uzito wako. Mi nilikuwa na kilo 78, piga hesabu mwenyewe, ni zaidi ya kilo 150 kwenye mguu mmoja, na kwenye kilomita moja kila mguu unatua mara mia tano na zaidi. Pumzi inakwambia twende, mguu bado haujawa tayari, na kwa mtu wa miaka arobaini anayejituma sana hapo ndipo anapovunjika. Kwa hiyo wanaoumia siyo wavivu, mara nyingi ni wale wenye hamu.

Baada ya zile wiki nne rafiki yangu akaniambia acha kukimbia peke yako, tafuta klabu. Nikamwambia nikishakuwa fiti kwanza. Hili jibu nalisikia kwa karibu kila mtu ninayemwalika, wanaume kwa wanawake, watu wanataka kujiandaa kwanza ndo waende kwa wakimbiaji kana kwamba klabu ni mtihani, na kwa kweli historia yenyewe ya haya mambo inasema kinyume. Kocha mmoja wa New Zealand, Arthur Lydiard, aliyewafundisha akina Peter Snell na Murray Halberg waliochukua dhahabu kwenye Olimpiki ya Roma mwaka 1960, ndiye aliyesaidia kuanzisha klabu ya jogingi pale Auckland mwaka 1962, na wale aliowaita hawakuwa wanariadha, walikuwa watu wazima wa maofisini, wengine wazito, wengine walishapata shambulio la moyo. Aliwaambia wakimbie kwa mwendo wa kuweza kuongea. Mwaka huohuo kocha wa Marekani Bill Bowerman akaenda kumtembelea, akatoka kukimbia nao, akajikuta anaachwa, na aliyebaki nyuma kumsindikiza ni mzee aliyepita miaka 70. Bowerman akarudi kwao Oregon akaanzisha jogingi kwa watu wa kawaida. Yaani hizi klabu tangu mwanzo zilitengenezwa kwa ajili ya watu kama mimi na wewe, na tangu mwanzo alikuwepo mtu wa kubaki nyuma na mgeni.

Na mi nikaenda. Klabu ya kwanza sitaitaja jina. Nilifika, watu wako vizuri, saa za mkononi zinang'aa, wakapiga picha ya pamoja, wakaondoka. Walisema mwendo ni wa taratibu, lakini taratibu ya mtu anayejiandaa na marathoni siyo taratibu yangu, dakika tano tu migongo yao nishaipoteza kwenye kona, sijui njia, simu nimeiacha, nikarudi peke yangu nikapanda usafiri nikaenda nyumbani na hakuna aliyeuliza nimefika au vipi. Niliumia kuliko ugoko ulivyouma. Nilikaa mwezi mzima sitaki kusikia habari za kukimbia na ningeacha kabisa, najijua.

Ya pili nilipelekwa karibu kwa kuvutwa mkono na yule rafiki yangu. Tofauti niliiona kabla hata hatujaanza: mama mmoja mtu mzima akaja kwangu moja kwa moja, karibu mwanangu, umewahi kukimbia? una maumivu yoyote? nikamweleza ugoko, akasema sawa, leo uko na mimi, mimi ndo wa mwisho. Nikadhani anakimbia polepole. Kumbe anakimbia vizuri kuliko nusu ya waliokuwepo, ila siku hiyo ilikuwa zamu yake ya kukaa mkiani, wana ratiba kabisa ya nani anakaa mkiani wiki gani, na sheria yao ni moja, hakuna anayemaliza nyuma yake. Walio mbele wakifika mbali wanageuza wanarudi kutufuata halafu wanaendelea tena, kwa hiyo wao wanapata kilomita zao za ziada na mimi sijaachwa. Tulikimbia dakika moja tukatembea mbili, dakika moja tukatembea mbili, mara nane, na muda wote ananiongelesha makusudi, watoto wangapi, kazi gani, na nikishindwa kumjibu kwa sentensi nzima anasema tupunguze.

Hicho ndicho kipimo nakiamini mpaka leo kuliko saa yoyote. Ukiweza kuongea sentensi nzima bila kukata, uko sawa. Ukiweza kuimba, unaweza kuongeza kidogo. Ukitoa neno mojamoja, umezidisha, punguza, hata kama wenzako wanaenda na hata kama kutembea kwenyewe kunaonekana haraka kuliko unavyokimbia. Mbio zako nyingi za mwaka wa kwanza ziwe hivyo, na najua inachosha roho kwa sababu unajiona huendi popote, lakini huo mwendo ndo unaozipa kano muda wa kukufikia.

Ratiba yangu ilikuwa siku tatu kwa wiki tu, moja na klabu, mbili peke yangu, na kati ya siku na siku napumzika. Dakika moja ikawa mbili, mbili zikawa tatu, wiki nikiona mguu unalalamika narudia wiki ileile bila kuona aibu. Programu za simu nyingi zinakupeleka kilomita 5 kwa wiki tisa hivi, mimi nilitumia wiki kumi na sita. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au 75 za mazoezi makali, hata ya kutembea haraka yanahesabiwa, kwa hiyo hata ile miezi uliyokuwa unatembea zaidi ya kukimbia ujue mwili ulikuwa unafaidika.

Kuhusu vifaa sitaongea sana. Raba iwe ya kukimbilia kweli, iache nafasi ya kama upana wa kidole gumba mbele maana mguu unavimba ukikimbia, na uijaribu jioni maana ndo mguu umekuwa mkubwa. Ikifika kilomita 500 hadi 800 soli inakuwa imechoka hata kama juu bado inapendeza. Soksi za pamba tupu zinashika jasho zinaleta malengelenge. Akina dada wenzangu, sidiria ya michezo inayobana vizuri ni lazima kama raba ilivyo lazima. Saa ya gharama inaweza kusubiri mwaka mzima.

Sasa narudi kwenye klabu maana ndo nilipotaka kufika. Ukienda kuangalia klabu usiangalie wale wa mbele, wa mbele wanapendeza kila mahali. Kaa uangalie wanamfanyia nini mtu wa mwisho. Wanamsubiri? Akifika wanaendelea papo hapo, kwamba wao walishapumzika na yeye hajapumzika, au wanampa na yeye dakika yake? Kuna mtu anajua idadi ya waliotoka na anahesabu wakirudi? Hili la kuhesabu nalitilia mkazo sana, hasa kama mnakimbia alfajiri au usiku, mtu anaweza kuteguka enka kwenye kona na hakuna ajuaye. Halafu sikiliza grupu lao la WhatsApp linaongea nini, kama kila siku ni picha za saa na nani kampiga nani kwa dakika ngapi, mgeni atajilinganisha na atakimbia siku ambayo alitakiwa apumzike, nimeona watu wawili wakiumia hivyo.

Kushindana siyo kubaya jamani, wapo wanaotaka kushindana na klabu zao zipo. Lakini hata huko juu kabisa watu hawakimbii peke yao. Eliud Kipchoge alipomaliza kilomita 42.195 kwa saa 1:59:40 pale Vienna mwaka 2019 alikuwa na wakimbiaji 41 waliopokezana kumzunguka na kumkinga upepo, na mazoezi yake ya kila siku ni ya kundi. Sasa kama yeye anahitaji watu, mimi wa dakika nane kwa kilomita nitakataa msaada kwa sababu gani.

Na wewe ukishazoea una deni kwao. Ukiwa huji sema, usiache watu wanakusubiri. Usivae spika za masikioni zote mbili, hutasikia gari wala mwenzako akiita. Ukiumia sema mapema, wale wazoefu wengi walishapita hapohapo na watakurudisha nyuma kwa upole. Mgeni akija msogelee wewe kwanza, usisubiri kiongozi, maana zile dakika tano za mwanzo anazosimama pembeni peke yake anajifanya anafunga kamba za raba ndo dakika anazoamua kama atarudi tena wiki ijayo.

Mimi sasa nina miaka mitatu tangu nianze kukimbia, nakimbia kilomita 10 bila kusimama, zile ngazi napanda naongea na simu, na mara moja kwa mwezi nina zamu yangu ya mkiani ambayo siibadilishani na mtu yeyote. Kama una klabu unaifikiria lakini unaogopa, watumie meseji kabla ya kwenda. Usiulize wanakimbia kilomita ngapi wala kwa mwendo gani. Waulize mtu wa mwisho huwa anarudi na nani. Wakikujibu "kila mtu na mwendo wake" tafuta kwingine, wakikutajia jina la mtu, vaa raba uende wiki hii hii.