Mshahara wa mke ndani ya nyumba: zawadi, deni au ubia?

Katika Uislamu, kumlisha mke, kumvisha na kumpa makazi ni wajibu wa mume, hata kama mke anapokea mshahara mnono kuliko wake. Kipimo ni uwezo: "Mwenye wasaa agharimu kadiri ya wasaa wake" (At-Talaq, 7). Wanazuoni wa Kishafii waliipigia hesabu kabisa: mudi 2 (mudi ni kipimo cha ujazo wa viganja viwili) za chakula kikuu kwa siku kwa mume mwenye uwezo, moja na nusu kwa wa kati, 1 kwa asiye nacho. Asipotoa, kwa Washafii linabaki deni shingoni mwake.

Mke akitaka kusaidia, ni hisani yake, na thawabu zake ni kubwa. Zaynab, mkewe sahaba Ibn Masʿud, aliuliza kuhusu kumpa sadaka mumewe, Mtume (s.a.w.) akajibu kwamba ana ujira mara mbili, wa ukoo na wa sadaka.

Matatizo huanzia kwenye kuchangia kimyakimya. Chukulia nyumba ambayo mke ametoa nusu ya gharama zote, lakini hati ina jina la mume peke yake. Mume akifariki na ameacha watoto, nyumba nzima huhesabiwa mirathi, na mke hupata thumni, yaani 1/8. Lau ubia ungeandikwa, nusu yake ingetolewa kwanza, kisha angerithi 1/8 ya nusu iliyobaki, jumla 9/16. Hapo hajadhulumiwa na sheria ya mirathi, maana mirathi hugawa mali ya marehemu tu. Kilichomponza ni kukosa karatasi.

Kwa hiyo kila mchango mkubwa upewe jina kabla pesa haijatoka mkononi: zawadi, mkopo au ubia. Zawadi iwe kwa ridhaa ya kweli, si kwa kununiwa siku tatu. Mkopo uandikwe kiasi, tarehe na muda wa kulipa, kwa mashahidi, kama ilivyoamrishwa katika Al-Baqara, 282. Ubia utaje fungu la kila mmoja, na hati iwe na majina mawili. Matumizi madogo ya jikoni hayahitaji daftari; mtachokana bure.

Anayeona haya kumwandikisha mwenzake akumbuke kwamba aya hiyo ya kuandikiana ndiyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, nayo haikuwatoa wanandoa. Wakati mzuri wa kulizungumza ni kabla ya tofali la kwanza, mkiwa bado mnacheka pamoja.