Mkuu, msitume hiyo hela ya faili la maswali ya Security+

Simama hapo hapo mkuu. Salamu tutapeana baadaye.

Umeuliza kama muanze na CC ya ISC2, kile cheti cha wanaoanza usalama wa mtandao, au muende moja kwa moja kwenye cheti cha Security+ cha CompTIA, kama wiki nane za kusoma zinatosha, kama mtihani mfanyie nyumbani au kituoni. Halafu mwishoni kabisa, kama jambo dogo, ukadokeza kwamba kuna jamaa anawauzia ninyi watano faili la maswali 700 "yaliyotoka kwenye mtihani wenyewe" na mnachanga elfu kumi kumi. Hilo la mwisho ndilo lililonikosesha usingizi. Sisi tulikuwa saba. Faili letu lilikuwa hilo hilo au ndugu yake wa tumbo moja.

Tulianza vizuri sana. Kila Jumamosi tulikutana Sinza, chumba cha nyuma cha steshenari ya mwenzetu, tunapiga pindi kwa zamu. Wiki ya nne akaja mtu aliyejiita mwalimu, akasema ameshavusha watu kibao, akatucheka kwamba tunasoma mada wakati mtihani ni desa tu. Tukamwamini. Na najua kwa nini tulimwamini: sote tumekulia kwenye pasti pepa. Tangu sekondari mtu anakokotoa mitihani ya NECTA ya miaka kumi nyuma, na hakuna kosa hapo, kwa sababu mtihani ukishapita karatasi ni ya kila mtu. Mtihani wa CompTIA hauko hivyo. Maswali yake hayatolewi, na kabla hujaona swali la kwanza unakubali kwamba hutayasambaza. Kwa hiyo anayewauzia ama ameyapata kwa wizi ama ameyatunga mwenyewe, na kote kuwili mmeliwa. Tena ukibainika umetumia vitu hivyo, cheti kinaweza kufutwa na ukazuiwa kufanya mtihani tena.

Lakini hela ya faili siyo iliyotuumiza. Kilichotuumiza ni namna lile faili lilivyokiua kikundi. Jumamosi zetu zikageuka za kukariri. Mmoja anasoma swali, wengine wanaitikia "B!", tunakwenda mbele. Tukafika maswali 200 kwa kikao kimoja tukajiona tumeiva.

Kulikuwa na dada mmoja pale, anafanya kazi kwenye duka la simu, mtu wa kuuliza kuliko sote. Siku moja likaja swali la namna hii: umepakua programu, unataka kujua kama faili limebadilishwa njiani, ufanye nini? Faili letu la maswali likasema jibu ni kusimba kwa njia ya AES. Yule dada akasema, "Mbona kusimba ni kuficha? Kuficha kutanijulishaje kama kimebadilishwa?" Mwalimu akamjibu kwamba anachelewesha wenzake. Nasi tukamwambia dada, tuendelee, muda unaenda. Mimi ndiye niliyesema. Jumamosi iliyofuata hakuja.

Alikuwa sahihi. Jibu ni hashi, yaani alama fupi inayokokotolewa kutoka kwenye faili lenyewe, SHA-256 kwa mfano: unakokotoa hashi ya faili ulilopakua, unalinganisha na ile aliyotangaza mwenye programu, herufi moja tu ikitofautiana ujue hilo siyo faili lake. Sasa jiulize, kama faili la "majibu ya uhakika" linakosea jambo la wiki ya kwanza, mangapi mengine lilikosea tukayameza?

Na jingine. Jaladani mwa faili letu waliandika SY0-701, namba ya toleo la mtihani tuliokuwa tunaufanya, ndani sura zimepangwa kwa mada za SY0-601, toleo la zamani lililofungwa tarehe 31 Julai 2024. Hakuna hata mmoja wetu aliyelinganisha na orodha ya mada ambayo CompTIA wenyewe wanaitoa bure. Bure mkuu! Ina sehemu tano na asilimia zake. Operesheni za Usalama peke yake ni 28%, na mwishoni wameweka vifupisho vyote.

Siku ya mtihani nikakaa. Dakika 90, maswali yasiyozidi 90, ya kuvuka ni alama 750 katika kipimo cha 100 hadi 900. Yakafunguka kwanza yale ya vitendo. Siwezi kukusimulia maswali yenyewe, nilikubali kutunza siri, ila aina yake inajulikana: unaletewa mtandao, unaambiwa panga kanuni za faiawoli, ule ukuta unaoamua mawasiliano gani yapite na yapi yazuiwe. Kwenye faili letu kulikuwa na picha ya swali la hivyo na tulikariri picha, kipi kinakaa wapi. Anwani zikibadilika picha haina maana tena. Nilikuwa sijui hata kwamba faiawoli inasoma kanuni kutoka juu kwenda chini na inaishia kwenye ya kwanza inayolingana. Nilipoteza dakika 35 pale, na hakuna aliyeniambia kwamba maswali hayo unaweza kuyaruka ukayarudia mwishoni. Nikapata 661. Vocha ile ya kulipia mtihani ilikuwa mshahara wangu wa miezi miwili. Unaruhusiwa kurudia mara ya pili bila kusubiri, lakini unalipa upya.

Tukafeli wanne kati ya wanne tuliokwenda. Mwalimu akasema hatukukariri vizuri, usiku ule ule akatoka kwenye kundi la WhatsApp. Mtu ule ugali wa watu wanaojinyima nauli, halafu uwaambie wao ndio wazembe! Mpaka leo sijawahi kuona cheti chake. Muulizeni wa kwenu namba ya uhakiki ya cheti, vyeti vya CompTIA vinayo na mtu yeyote anaweza kuihakiki mtandaoni. Mtazame atakavyozunguka.

Yule dada alifanya peke yake akavuka mara ya kwanza. Nilimfuata dukani kwake kumwomba radhi, na kumwomba aje tuanze upya. Akakubali kwa sharti moja, na sharti hilo ndilo ninalowapa: hakuna swali linalopita mpaka mtu aeleze kwa nini yale majibu mengine matatu yamekosea, na kila moja lingekuwa sahihi kwa swali gani.

Chukua lile la hashi. Kusimba kwa AES? Hilo ni jibu kama swali ni laptop iliyoibiwa ikiwa na data za wateja. Nakala rudufu? Hilo ni jibu kama wahalifu wamefunga mafaili wanadai hela. Uthibitisho wa hatua mbili? Kama nywila zimevuja. Swali moja, masomo manne. Tulikuwa tunamaliza maswali 12 kwa Jumamosi, mengine tunayatunga wenyewe, na kwa faiawoli tuliweka Ubuntu ndani ya VirtualBox, programu inayotengeneza kompyuta ndani ya kompyuta, tukatumia ufw, faiawoli ya Ubuntu: mmoja anapanga kanuni, mwingine anajaribu kuingia kwa poti 22, mlango wa kuingia kwenye mashine ukiwa mbali. Siku tulipoweka kanuni ya kukataa juu ya ile ya kuruhusu, tukashangaa mbona mwenzetu haingii, ndipo jambo lile likaniingia. Mara ya pili nikapata 784.

Je, katika hao watano wenu yupo anayeuliza "kwa nini" mpaka mnachoka naye? Mkalisheni mbele aendeshe kikao. Hiyo elfu hamsini nunueni bando, mpakue orodha ya mada leo jioni, na Jumamosi kila mtu aje na swali moja alilotunga mwenyewe na sababu zake nne.