Kompyuta haiwaki: usikimbilie kupiga Windows upya

SWALI: Umeme ulikatika wakati kompyuta yangu ya mezani ikiwa katikati ya sasisho la Windows 10. Sasa kila nikiiwasha inaleta skrini ya bluu yenye namba 0xc000000f na kulalamikia BCD. Fundi anataka kufomati, lakini hesabu zote za duka zimo humo. Nifanyeje?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Usikubali kufomati kwanza. BCD ni faili dogo linaloionyesha kompyuta mahali Windows ilipo. Likiharibika, Windows na hesabu zako kwa kawaida bado zipo, ila hazifikiki.

Tafuta flashi ya GB 8 au zaidi isiyo na kitu cha maana, kwani itafutwa yote. Kwenye kompyuta nyingine iliyo nzima, itengeneze kwa Media Creation Tool, inayopakuliwa bure katika tovuti ya Microsoft. Washa mashine yako kwa flashi hiyo. Ukurasa wa lugha ukitokea, bonyeza Shift na F10 pamoja. Dirisha jeusi litafunguka. Andika diskpart, kisha list volume, uone orodha ya sehemu za diski.

Hapo ndipo wengi hukosea. Ukiwashia flashi, herufi za sehemu hizo huweza kuhama, Windows ikawa D badala ya C. Tafuta pia sehemu ndogo ya FAT32 (aina ya mpangilio wa mafaili), mara nyingi ya MB 100 hivi. Flashi nayo ni FAT32, kwa hiyo tazama ukubwa. Kama namba ya sehemu hiyo ndogo ni 2, andika select volume 2, kisha assign letter=S, kisha exit. Thibitisha kwa dir C:\ kwamba folda ya Windows imo (ikiwa imo D, weka D badala ya C katika amri zote), ndipo uandike:

bcdboot C:\Windows /s S: /f UEFI

Ukiona “Boot files successfully created”, chomoa flashi na uwashe upya. Mashine ya zamani isiyo na sehemu hiyo ya FAT32 huwa na “System Reserved”. Ipe hiyo herufi S na umalizie kwa /f BIOS.

Mafundi wengi huanza na amri ya bootrec /fixboot, lakini kwenye UEFI, yaani mfumo wa kuwashia wa kompyuta za kisasa, mara nyingi hujibiwa “Access is denied”.

Ikiwaka kidogo kisha ikagoma, huenda mafaili mengine ya mfumo yameharibika pia. Rudi kwenye dirisha lile uandike amri hii ya kuyakagua na kuyarekebisha:

sfc /scannow /offbootdir=C:\ /offwindir=C:\Windows

Lakini diski ikigongagonga, au isipoonekana kabisa kwenye list volume, acha yote. Huenda inakufa. Usiendeshe chkdsk /r, amri ya kukagua diski, maana huisukuma diski nzima. Mwombe fundi aitoe na kunakili hesabu zako kwanza.