Maumivu ya Hedhi Yanapopita Kiasi

Kwa miaka saba niliamini kwamba kila mwanamke hulala sakafuni siku ya kwanza ya hedhi, magoti ameyakunja hadi kifuani, akisubiri tumbo limwachie. Niliambiwa nikizaa yatakwisha, nami sikuona sababu ya kumsumbua daktari kwa jambo linaloitwa la kawaida.

Maumivu hayo huanzia kwenye kemikali ziitwazo prostaglandini, ambazo huubana mfuko wa uzazi ili utando wake utoke, na zikizidi huleta pia kichefuchefu na kuharisha. Ibuprofeni, dawa ya kutuliza maumivu, huzuia kemikali hizo zisitengenezwe, kwa hiyo kuimeza maumivu yakiwa yameshapamba moto, kama nilivyozoea, ni kuchelewa. Siku hizi naimeza dalili za kwanza tu zinapojitokeza, nikiwa nimekula, wala sizidishi kiwango kilichoandikwa kwenye pakiti. Mwenye vidonda vya tumbo, pumu, ugonjwa wa figo au anayehisi ana mimba aulize kwanza. Chupa ya maji ya moto iliyoviringishwa kitambaa, ikiwekwa chini ya kitovu, nayo hutuliza, ingawa mwanzoni niliidharau.

Hata hivyo, kilichonipeleka hospitali ni ngazi. Nilikuwa nikipanda ghorofa moja tu nikalazimika kuketi katikati, moyo ukinienda mbio na masikio yakivuma, na kipimo kikaonyesha upungufu wa damu. Nilikuwa nikijaza pedi kila baada ya saa moja, na usiku niliamka kubadilisha shuka. Sikumwambia mtu, kwa kuwa sikujua kwamba kutokwa na damu kuna kiasi chake.

Mara ya kwanza nilipewa dawa za maumivu nikarudishwa nyumbani. Mara ya pili nilikwenda na daftari lenye kumbukumbu za miezi mitatu: tarehe, idadi ya pedi, ukubwa wa mabonge ya damu, siku nilizokosa kazi, na maumivu niliyoyapata wakati wa haja kubwa, jambo ambalo kwa aibu nisingelitamka. Daktari alilisoma lote, ndipo akataja endometriosisi, yaani tishu zinazofanana na utando wa mfuko wa uzazi kuota nje ya mfuko huo, ugonjwa unaokadiriwa kumpata mwanamke mmoja kati ya kumi walio katika umri wa kuzaa. Picha ya altrasaundi ikitoka safi haitoshi kuukanusha, kwa hiyo usikubali uchunguzi uishie hapo ikiwa bado unaumia.

Panga miadi ikiwa hedhi inapita siku saba, mabonge yanazidi upana wa sentimita mbili na nusu, tendo la ndoa linauma, au maumivu yanaongezeka mwaka hadi mwaka. Lakini ukizimia, ukijaza pedi kila saa kwa saa kadhaa mfululizo, ukipata homa pamoja na maumivu ya tumbo, au maumivu makali ya ghafla yakikushika hedhi ikiwa imechelewa, usingoje miadi: nenda hospitali saa hiyo hiyo, na mtu akusindikize.