Baada ya upasuaji wa kano ya goti, ninunue mashine ipi?

Swali: Shikamoo daktari. Nina miaka 22, ni mchezaji wa mpira hapa Lindi. Wiki tano zilizopita nilifanyiwa upasuaji wa kano ya msalaba ya mbele ya goti la kulia jijini Dar es Salaam. Goti linakunjika vizuri, ila paja limekonda, na nikiuinua mguu haunyooki hadi mwisho. Nimetajiwa mashine ya kukunja goti, ya umeme, ya maji baridi, na mkanda wa kubana paja. Baba ameuza korosho, fedha inatosha kifaa kimoja. Nichukue kipi?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Mimi si daktari, ni mtaalamu wa fiziotherapia hapa Mtwara, lakini swali lako limefika mahali pake.

Tatizo lako umelieleza mwenyewe bila kulitaja: misuli ya mbele ya paja imezimwa. Goti linapovimba, neva zake hupeleka taarifa kwenye uti wa mgongo, nao hupunguza amri inayokwenda kwenye misuli hiyo, hata kama wewe unajitahidi kuikaza kwa nguvu zako zote. Kwa hiyo kifaa cha kununua ni kile kinachoiamsha misuli, nacho ni kifaa cha umeme, mradi kiwe cha kukaza misuli. Vile vidogo vya kutuliza maumivu, ambavyo wauzaji wengi huvichanganya na hivi, huwasha ngozi tu na havijengi paja.

Osha paja kwa sabuni kwanza, kwa sababu pedi hazishiki juu ya mafuta ya nazi. Pedi moja ibandike juu ya paja upande wa nje, nyingine juu kidogo ya goti upande wa ndani. Kaa kwenye kiti kizito, goti likiwa limekunjwa nyuzi 60 hivi, na kifundo cha mguu kimefungwa kwenye mguu wa kiti ili goti lisinyooke. Weka mapigo 50 hadi 75 kwa sekunde. Misuli ikaze sekunde 10, ipumzike sekunde 50, mara 10, nawe uikaze pamoja na umeme. Ongeza nguvu ya umeme hadi uone pia ya goti, yaani kile kifupa cha mbele ya goti, ikivutwa juu. Umeme unaovumilika kirahisi hauna faida kubwa, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Mtaalamu akuanzishie mara ya kwanza.

Mkanda wa kubana paja nao ni kifaa kizuri, na pengine baadaye utakufaa zaidi, kwa kuwa hupunguza damu inayopita pajani, na hivyo uzito mdogo wa asilimia 20 hadi 30 ya uwezo wako hufanya kazi inayokaribia ya uzito mkubwa ambao goti bado haliruhusiwi kuubeba. Kwa kawaida zoezi hurudiwa mara 30, kisha 15, 15 na 15, kwa mapumziko ya sekunde 30. Tatizo ni kwamba shinikizo lake lazima lipimwe kwa kila mgonjwa. Usithubutu kufunga mpira wa baiskeli, nimewaona wanaofanya hivyo. Mwenye selimundu, aliyewahi kuganda damu mguuni, au mwenye shinikizo la damu lisilodhibitiwa, asiuguse bila ruhusa ya daktari.

Mashine ya kukunja goti ilitokana na kazi ya Robert Salter, daktari wa mifupa wa Toronto, na wakati fulani ilisambaa sana. Leo haipendekezwi kuwa ya kawaida baada ya upasuaji wa kano hii, kwani huusogeza mguu huku misuli imelala, na wewe kukunja hakukusumbui. Maji baridi hupunguza maumivu. Barafu ya wavuvi iliyopondwa, ikafungwa kwenye kitenge chenye unyevu kwa dakika 15 hadi 20, inatosha.

Kila asubuhi kaa mkekani, kunja kanga iweke chini ya kifundo cha mguu, kandamiza goti kuelekea chini, kisha inua mguu mzima. Goti likilegea kidogo mguu unapopanda, misuli bado haijaamka. Ukiona hali hiyo baada ya wiki mbili za umeme, rudi kwa mtaalamu wako. Na ukiona nyama ya mguu chini ya goti, upande wa nyuma, imevimba na inauma, usisubiri wiki mbili. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.